Banda la maonyesho lisiloacha taka: anza kulichora kuanzia siku ya kubomoa

Kama hujawahi kubaki viwanja vya maonyesho ya biashara ya Sabasaba pale Kilwa Road, Dar, usiku wa mwisho, siku ukipata nafasi baki uone. Watu wanang'oa kapeti, jipsamu zinapigwa nyundo, mabango ya mita tatu yanakunjwakunjwa kama matambara na kusukumiwa nyuma ya banda, na kesho yake asubuhi kimebaki rundo tu la vitu ambavyo wiki mbili nzima watu walikuwa wanavipigia picha. Na mi nilikuwa mmoja wa waliotupa. Mwaka wetu wa kwanza tulienda kuonyesha bodi za plastiki tunazotengeneza kwa madumu yaliyotoboka na vifuniko vya chupa, ila banda lenyewe tukalijenga kwa MDF (zile mbao za unga wa miti uliogandishwa na gundi), rangi nyeupe, kapeti ya kijani na banna ya plastiki imeandikwa OKOA MAZINGIRA kwa herufi kubwa. Akaja mzee mmoja, akashika bodi, akaigonga na kidole, akainua macho akaangalia ukuta nyuma yangu. "Sasa mwanangu, kama hii mbao yenu nzuri hivi, mbona nyumba yenu mmejengea ile nyingine?"

Sikuwa na jibu aisee. Nilicheka tu kama mtu aliyekanyagwa kwenye daladala na hataki ugomvi.

Toka siku hiyo tumebadilisha namna nzima ya kutengeneza banda, na hapa naweka hatua zote tunazofuata, pamoja na pale tulipochemka. Natumia mfano wa bodi za HDPE (ile plastiki namba 2, ya madumu, chupa za maziwa, za shampuu) kwenye banda la mita 3 kwa 3 kwa sababu ndo kitu nakijua kwa mikono yangu, lakini kama wewe unarejeleza karatasi, vioo au mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani, mpangilio ni uleule, unabadilisha vipimo tu.

HATUA YA 1: Kila kitu kiwe na pa kwenda kabla hujachora mstari wowote

Sabasaba miaka hii ya karibuni inaanza 28 Juni inaisha 13 Julai. Kwahiyo tarehe yako ya muhimu sio 28 Juni, ni 14 Julai. Chukua daftari, chora safu tatu: kitu gani, kinatoka wapi, na 14 Julai kitalala wapi. Alafu andika kila kitu, namaanisha kila kitu, mpaka kamba, mpaka stika, mpaka karatasi ya kufunikia meza.

Kwenye safu ya tatu majibu yanayokubalika ni manne tu. Kinarudi kwa mwenyewe (tumekodi au tumeazima). Kinarudi stoo kwetu kwa ajili ya maonyesho mengine, na hapa Nane Nane ipo karibu tu, haifiki hata mwezi. Kimeuzwa. Au kinarudi kwenye mashine kusagwa na kuyeyushwa upya. Kitu ambacho hakina jibu mojawapo kinakatwa kwenye dizaini, hata kama kinapendeza vipi. "Tutampa mtu" sio jibu, labda huyo mtu ana jina na namba ya simu na amekubali mwenyewe kwamba atakuja na guta kubeba, maana tulishawahi kuwa na "mtu" wa kuchukua kapeti na huyo mtu hatujamuona mpaka leo.

Hii sio akili yangu peke yangu. Oktoba 2017 kule Eindhoven, Uholanzi, kwenye wiki yao ya dizaini, walijenga jengo zima la maonyesho kwa vitu vya kuazima: mbao za kuazima, vioo vya kuazima, nguzo za zege za kuazima. Hawakukata, hawakutoboa, hawakutumia gundi wala skrubu, mbao walizifunga kwa ile mikanda ya kukazia mizigo kwenye malori. Ukuta wa juu ndo ulikuwa vigae vya plastiki iliyokusanywa majumbani kwa wakazi wa mji huohuo. Siku tisa zikaisha, wakalifumua, vitu vikarudi kwa wenyewe. Sasa sisi huku ambao kukodi turubai, viti na mirunda ni maisha ya kila wikiendi ya harusi na misiba, kwa nini tunashindwa jamani? Ukiangalia vizuri turubai la msiba ndo banda lisiloacha taka, linafika saa mbili asubuhi, kesho halipo, na hakuna hata msumari uliobaki chini.

HATUA YA 2: Amua mtu ashike nini

Wengi tunajaza banda bidhaa ishirini ili tuonekane tupo vizuri. Acha. Mtu anapita na watoto wawili na soda mkononi, una sekunde chache tu. Chagua swali moja ambalo kila mtu huwa anauliza kuhusu malighafi yako, alafu banda zima liwe jibu la hilo swali.

Kwetu swali lilikuwa "hii inabeba?" Kila mtu anahisi plastiki ni kitu laini, kitakunjika. Kwahiyo sehemu ya mbele ya banda tuliweka benchi, sio meza ya vipeperushi. Benchi la bodi zetu, miguu ya bodi zetu, na tukaacha watu wakae. Mama amechoka kutembea toka geti la mbele, anakaa, anatua mzigo, baada ya dakika mbili anauliza mwenyewe hili benchi mmetengeneza na nini. Hapo maongezi umeshayapata bila kumvuta mtu mkono.

Lile jahazi la Lamu kule Kenya, FlipFlopi, ndo mfano mkubwa zaidi wa hii kitu. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walilijenga, mita 9, kwa karibu tani 10 za plastiki, wakalivalisha vipande vya ndala kama elfu 30, alafu mwanzoni mwa 2019 likasafiri toka Lamu mpaka Zanzibar. Lilipokuwa linatia nanga hakuna aliyeuliza kama ile plastiki inaingiza maji. Si limefika.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya uzito, sio ya eneo tu

Bodi yetu ni mita 1 kwa mita 1, unene milimita 12. HDPE ina uzito wa kama kilo 950 kwa mita moja ya ujazo, kwahiyo bodi moja inakuja kilo 11 na nusu hivi. Ukuta wa nyuma wa mita 3 kwa 2 ni bodi 6, yaani kilo 68 na ushee. Ongeza benchi, kaunta na rafu, tunafika bodi 12, jumla kama kilo 137. Hii namba ishike maana itakuamulia fremu, gari, na wabebaji wangapi.

Namba hiyohiyo ndo stori yako ya kumwambia mgeni. Usimwambie "tumeokoa mazingira", mwambie bodi hii imekula madumu mangapi. Dumu tupu la lita 20 lina kama kilo moja, kwahiyo bodi moja ni madumu 11 au 12. Kwa vifuniko, weka vifuniko 100 kwenye mzani wa jikoni upate uzito wa kimoja, usichukue namba ya mtu mwingine. Vya kwetu vilitoka gramu 2 na nusu, so bodi moja inameza zaidi ya vifuniko elfu nne na mia tano. (Dumu zima usilisage, hilo lina kazi, watu wanachotea maji. Sisi tunachukua yaliyopasuka tu, na kuna siku tumebishana kweli na kijana aliyetuletea madumu mazima kumi eti bei ya kilo ni nzuri.)

HATUA YA 4: Fremu

Kwenye fremu usitumie bodi yako ya plastiki. Najua inauma, unataka kila kitu kiwe cha kwako, ila HDPE ina tabia ya kulegea taratibu chini ya mzigo. Leo imenyooka, baada ya siku kumi imefanya tumbo. Kama ni rafu ya milimita 12 weka egemeo kila sentimita 40, sio zaidi, na nguzo za kubeba ukuta ziwe mbao au chuma.

Njia rahisi kuliko zote ni kukodi mirunda iliyonyooka toka kwa watu wa ujenzi, au mabomba ya skafoldi pamoja na klampu zake. Mirunda inafungwa kwa kamba au ile mikanda ya malori, hutoboi chochote, unarudisha kama ulivyochukua. Sisi sasa hivi tuna fremu yetu ya mbao za mbili kwa mbili, tumeinunua mara moja na imeshaenda maonyesho manne. Siri yake ni kwamba bolti zote ni saizi moja, M8 (unene milimita 8), kwahiyo spana ni moja tu, namba 13, na sehemu zinazofunguliwa kila mara tumeweka zile nati zenye masikio unazikaza kwa mkono. Misumari hamna. Msumari ukishapigwa mbao hiyo umeshaiua nusu, kuung'oa unapasua, na fundi mwenye haraka hang'oi, anavunja.

Urefu wa kila kipande tumeupima na kirikuu kwanza. Kabla ya kukata nenda na futi mpaka kwenye gari lenyewe utakalotumia, pima, alafu ndo rudi ukate. Vya kwetu vya mita mbili vinatokeza nyuma kidogo, tunafunga kitambaa chekundu, maisha yanaenda.

HATUA YA 5: Joto, matundu, na kwa nini bodi zilivimba

Hapa ndo watu wengi wanaotumia plastiki kama mbao wanapigwa, na sisi tulipigwa vizuri sana.

Plastiki inatanuka ikipata joto, tena sio kidogo kama mbao. HDPE kwa kila nyuzi moja ya joto inatanuka kama milimita 0.15 kwa mita. Inaonekana si kitu. Sasa umefunga ukuta asubuhi na mapema kuna kaubaridi ka Juni, nyuzi 20, alafu mchana jua linapiga moja kwa moja kwenye bodi nyeusi, inafika nyuzi 50 bila shida. Tofauti nyuzi 30, mara 0.15, hiyo ni milimita 4 na nusu kwa bodi moja. Bodi tatu zimepangwa zinabanana, umeshapata zaidi ya sentimita moja ambayo haina pa kwenda. Mwaka ule wa pili ukuta wetu saa nane mchana ulikuwa umefura mbele kama andazi, jioni unarudi, kesho tena, na kila mtu anayepita anauliza kama tumekosea vipimo.

Dawa yake:

Acha nafasi ya milimita 5 kati ya bodi na bodi. Usiizibe. Kwa jicho inaonekana kama umekusudia, na kweli umekusudia.

Bolti ya M8 ipite kwenye tundu la milimita 12, na juu yake weka washa pana. Usikaze mpaka mwisho, kaza mpaka ikishike alafu rudisha robo mzunguko. Tundu moja tu katikati juu ndo liwe la saizi kamili, hilo linashikilia bodi isicheze, mengine yote yaache bodi ipumue.

Bodi za rangi iliyokolea ziweke upande wa kivuli, nyeupe na za njano zikae juani.

Na bodi iliyopinda toka kiwandani usidhani utainyoosha kwa bolti. Kupinda huwa kunatokea kwenye kupoa, umeitoa kwenye presi (mashine ya kukandamizia bodi) ikiwa bado ya moto. Iache ipoe huku imebanwa, hata kama kuna oda inasubiri.

Kitu kingine, gundi. HDPE na PP (polipropilini, plastiki namba 5) hazishiki gundi za kawaida, hazishiki rangi, na stika zinabanduka zenyewe. Wengine wanaona ni ubaya, mi naona ni neema, maana bodi isiyo na gundi wala rangi inarudi kwenye mashine safi kabisa kama ilivyotoka. Ukilazimisha kubandika kitu juu yake umeshaharibu hiyo bodi kwa ajili ya mzunguko unaofuata.

HATUA YA 6: Kata karakana, usikate kiwanjani

Ukikata bodi ya plastiki kwa msumeno unatoa unga na nyuzinyuzi ndogo nyepesi sana. Upepo unachukua, zinaingia mtaroni, na mtaro wa Dar unajua unaishia wapi. Itakuwa ni kichekesho sana wewe unayetoa plastiki baharini ndo unazipeleka tena zikiwa zimesagwa vizuri. Kwahiyo kazi yote ya kukata na kutoboa ifanyike karakana, chini tandika turubai, ukimaliza kunja pembe nne, mimina kwenye kiroba, rudisha kwenye mashine. Meno ya msumeno yawe makubwa na usisukume kwa nguvu, ukisukuma inayeyuka na kugandia kwenye msumeno.

Alafu jenga banda zima palepale karakana wiki moja kabla. Lisimamishe, kaa kwenye benchi, piga picha kila kona, lifungue. Kila kipande kipe namba. Makapeni inafutika kwenye HDPE, sisi tunachoma namba kwa ncha ya chuma cha moto upande wa nyuma, nje kwenye hewa: U1, U2 kwa ukuta, B kwa benchi, K kwa kaunta. Ukishafanya hivi kiwanjani mnasimamisha kwa saa mbili na watu watatu. Mara ya kwanza bila namba ilituchukua siku nzima na ugomvi juu.

HATUA YA 7: Maandishi

Usiandike mwaka. Usiandike "Sabasaba". Andika jina lenu, kitu mnachotengeneza, na namba ya simu ambayo haitabadilika. Banna yenye tarehe ni takataka tayari, inasubiri siku tu.

Banna za kawaida za mabango ni PVC, na PVC hata sisi wa plastiki hatuitaki, ukiichanganya kwenye mashine inatoa gesi yenye asidi inayokula vyuma na mapafu. Badala yake tunatumia merikani. Mita kadhaa za merikani nyeupe, fundi wa kuandika mabango ya maduka anaandika kwa brashi, inafuliwa, inapigwa pasi, inakunjwa inaingia kwenye begi. Unaweza pia kutundika khanga. Nani asiyejua kusoma khanga? Mtu akiona kitambaa kimetundikwa macho yanakimbilia kwenye jina kabla hajajua anasoma nini.

Kwa maandishi madogo (uzito, imetokana na nini, bei) chonga moja kwa moja kwenye bodi. Ila QR usichonge kwenye bodi yenye madoadoa. Sisi tulichonga moja nzuri sana, kazi ya siku mbili, bodi ya rangi tatu zilizochanganyika kama marumaru, na hakuna simu hata moja iliyoisoma. QR inataka weusi na weupe unaoachana. Mwisho tukachapa kikaratasi cha ukubwa wa kiganja tukakibana na klipu, kikafanya kazi siku zote.

Vipeperushi tumeacha kabisa. Anayetaka kweli anapiga picha ubao wa bei, au anatuma neno WhatsApp palepale na namba yake inabaki kwetu, ambayo ni bora kuliko kipeperushi alichofungia karanga. Kwa wahandisi na wasanifu majengo, ambao lazima waondoke na kitu mkononi, tuna vipande vya sampuli vya sentimita 8 kwa 8 kutoka kwenye mabaki ya kukata, vimetobolewa tundu, tunawapa wanaoomba tu. Mtu akinunua kitu akaomba mfuko, muulize kama ana wa kwake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara toka 1 Juni 2019, sawa, lakini ile mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki, ni polipropilini, watu wengi hawajui.

Na uandike ukweli. Kama umechanganya plastiki mpya asilimia 20 andika 80 iliyorejelezwa, usiandike mia. Andika pia isichoweza: haifai kwa kenchi ya kubeba paa, inawaka moto, jua kali la miaka bila kinga linaichosha. Mhandisi akiona umeandika mapungufu mwenyewe anaanza kukuamini kwenye yale mengine.

HATUA YA 8: Onyesho la ndoo

Usiyeyushe plastiki kwenye banda. Moshi, harufu, watoto, hapana. Onyesho letu linalojaza watu ni ndoo angavu ya maji tu. Unachukua chupa ya maji ya kunywa, mkasi, unakata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko mbele ya watu, unauliza kipi kitazama. Watu wanabishana, watoto wanapiga kelele, unatupa vyote viwili. Kifuniko kinaelea, chupa inazama. Hapo unaeleza kwamba chupa ni PET na kifuniko ni HDPE au PP, hizo mbili ni nyepesi kuliko maji, na hivi ndivyo tunavyochambua plastiki karakana kwa beseni la maji bila mashine ya gharama. Alafu unaeleza kwa nini tunahangaika kuchambua: HDPE inayeyuka kama nyuzi 130, PP inataka 160 na kitu, PET inapita 250. Ukizichanganya kwenye sufuria moja mojawapo inabaki mbichi kama maharage yaliyopikwa na mawe.

Pembeni ya ndoo weka vitu vinne kwa mstari, vya kushika: dumu chafu lililopasuka, chenga baada ya kusaga, bodi, kigoda. Maelezo hayahitajiki, mkono unasoma wenyewe. Vipande vya onyesho vinarudi kwenye kiroba kila jioni, na maji ya ndoo yachuje kwa kitambaa kabla ya kumwaga.

Taa na moto kwa haraka: LED tu, zile taa za zamani zinazochoma usiziweke karibu na bodi, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe ndani ya banda na kila mhudumu ajue kuutumia, na uliza mapema waandaaji wanataka nini upande wa usalama wa moto. HDPE ikishika moto inadondosha matone yanayowaka, sio kitu cha mchezo. Chini usiweke kapeti, weka mikeka au majamvi, ikiisha unapiga kung'uta unakunja.

HATUA YA 9: Siku zenyewe

Hapa ndo nilishangaa. Tulivyoanza kupima taka za banda tukagundua ukuta na fremu sio tatizo tena, tatizo ni sisi wahudumu. Watu 4, chupa 3 za maji kila mmoja, siku 16, hizo ni chupa 192 kutoka banda moja linalouza habari za kupunguza plastiki. Sasa tunaenda na lile dumu kubwa la maji linalorudishwa dukani na kila mtu na kikombe chake cha bati kina jina. Chakula mama ntilie anatuletea kwenye hotpoti, anarudi nazo jioni. Ni rahisi kuliko inavyosikika, na mama anafurahi kwa sababu ana uhakika wa sahani nne kila siku.

HATUA YA 10: Kubomoa

Usiku wa mwisho kuna foleni ya magari getini, wenzako wamechoka, na ndo muda ambao kila mpango mzuri huwa unakufa. Kwahiyo jipange: gari lako lije kesho yake asubuhi kama waandaaji wanaruhusu. Teua mtu mmoja mwenye lile daftari la safu tatu, kazi yake sio kubeba, ni kuweka tiki. Bolti zinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, zinahesabiwa, zetu ni 64 na zikiwa 61 tunatafuta. Bodi zinawekewa mablanketi ya zamani katikati na kufungwa, hamna haja ya zile plastiki za viputo. Waliokuwa wananunua benchi na kaunta wawe wameshalipa nusu kabla, wanakuja kuchukua hapohapo. Mwaka jana benchi liliuzwa siku ya nne ya maonyesho, tukaandika LIMEUZWA, LINAONDOKA TAREHE 14 na hilo bango dogo likatuletea oda nyingine tatu za benchi lilelile.

Mwisho pima kilichobaki, kiweke kwenye kiroba ukining'inize kwenye mizani ya mkono. Mwaka wa kwanza hatukupima, lilikuwa ni rundo tu la kubebwa na gari. Mwaka jana zilikuwa kilo 7: masking tepu, karatasi, maganda ya machungwa, na zaidi ya yote zile kamba za plastiki za kubana nyaya ambazo ukishazikaza huzifungui mpaka ukate, mamia yake, sikujua kabisa tunatumia nyingi hivyo. Hazikuwa kwenye daftari. Mwaka huu kwenye safu ya kwanza nimeandika kamba ya katani, safu ya pili Tanga, na ya tatu stoo.